Jinsi ya kujenga gari ya spoti ya kopi ukiwa Mtwara, na kuishi na midomo ya watu

Wakuu habari za saa hizi. Huku kwetu kusini ukitamka tu kwamba unajenga gari ya spoti kwa mikono yako utapata watu wa aina mbili kabla hujakata hata bomba moja, wa kukuvisha kilemba cha ukoka na wa kukucheka, na wote hao siku ya kuchomelea huwaoni. Kwa hiyo hii naiandika kwa yule ambaye ameshaamua, awe Mtwara mjini, Masasi, Lindi, Nachingwea, popote, anataka gari ya kopi ambayo akiitoa barabarani anaweza kuisimamia mbele ya yeyote.

Anza na kuchagua unaiga nini, maana nusu ya maneno ya watu yanatokea hapo. Ferrari na Lamborghini achana nazo. Sio kwamba haziwezekani, wenzetu Marekani miaka mingi wanavalisha bodi za hivyo kwenye Pontiac Fiero na Toyota MR2, ila ile gari ukishaibandika farasi mbele umeshaingia kwenye bidhaa bandia, na sio tena suala la ushamba. Brazil mwaka 2019 polisi walifunga karakana nzima pale Itajaí iliyokuwa inatengeneza Ferrari na Lamborghini za uongo. Kwetu habari za bidhaa bandia zipo chini ya FCC, Tume ya Ushindani, sasa usijipe kesi kwa ajili ya nembo ya kubandika.

Chukua Cobra au Seven. Cobra ilianza 1962, Mmarekani Carroll Shelby alichukua kigari cha Kiingereza, AC Ace, akakitia V8 ya Ford, ya mwanzo lita 4.3, ikaja ya 4.7, mwishoni ile ya lita 7. Za asili zilitoka kama elfu moja tu na ile ya kwanza kabisa ilipigwa mnada Marekani 2016 kwa dola milioni 13.75, kwa hiyo ukionekana nayo unakata kona pale Ligula hakuna mwenye akili timamu atakayedhani ni ya asili, na hapo ndipo uhuru wako ulipo, huna cha kuficha. Halafu kuna utamu mwingine, AC Ace yenyewe ilitokana na gari ya jamaa anaitwa John Tojeiro, na bodi ya Tojeiro ilifuata umbo la Ferrari 166. Yaani hiyo orijino unayosutwa nayo ni mjukuu wa kopi. Hili liweke mfukoni, litakufaa kijiweni.

Seven ni Lotus ya Colin Chapman ya 1957. Hii iliuzwa vipandevipande, mteja anaenda kufunga mwenyewe nyumbani, kwa sababu Uingereza gari ya vipande ilikuwa haikatwi kodi ya manunuzi, mpaka VAT ilipoingia 1973, na mwaka huohuo Caterham wakachukua haki ya kuendelea kuitengeneza. Sasa mtu akikwambia "hiyo gari ya kufungia uani" mjibu ndio, ndivyo ilivyozaliwa. Kama ni mara yako ya kwanza mimi nakushauri Seven, bodi yake karibu yote ni bati la alumini lililonyooka, faiba ni pua na madigadi tu. Cobra ina mikunjo mingi, kila mkunjo ni hela na ni msasa. Kopi nyingi za Cobra za maana zinatoka Afrika Kusini, kampuni za Superformance na Backdraft zote zinatengenezea kule, ila kabla hujatuma hela kaa na wakala wa forodha akupigie hesabu yote kwenye karatasi.

Gari ya kuchinja, yaani ya kutoa injini, gia na miguu: tafuta Toyota Altezza, ile RS200 yenye injini ya 3S-GE na gia sita za mkono. Inasukuma nyuma, ina breki za disiki miguu yote minne, spea zake sio za kutafuta kwa tochi. Ila usidanganywe na fundi anayesema "tunavua bodi tunavalisha nyingine tumemaliza". Urefu kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma kwenye Altezza ni milimita 2670, Cobra ni kama 2286, kwa hiyo ama bodi ivutwe ikose umbo, ama utengeneze chesesi yako. Tengeneza chesesi. Na ukienda na Seven ujue miguu ya Altezza ni mipana kuliko ya Seven ya asili, panua fremu kuanzia kwenye mchoro, sio ukishachomelea.

Na hapo kwenye chesesi mpya ndio makaratasi yanapoanza, msiruke hii aya. Namba ya chesesi ni ya gari ya zamani, huwezi kuikata ukaichomelea kwenye mabomba mapya ukanyamaza, hilo ni kosa. Kabla hujachinja chochote nenda TRA na uende kwa trafiki na mchoro wako, kadi yako safi yenye jina lako, uliza kwa barua na ujibiwe kwa barua, kadi itabadilishwaje, ukaguzi utafanyika lini na nani. Injini, rangi, aina ya bodi, vyote visomeke kwenye kadi kama vilivyo kwenye gari. Kwa wenzetu Uingereza gari kama hii inapita mtihani wake maalumu, unaitwa IVA, na ikiwa haijulikani asili yake inapewa namba inayoanza na Q ili kila mtu ajue. Kwa hiyo usione kama unaonewa, kokote duniani inaulizwa. Bima nayo mwambie wakala ukweli, ukiandika Altezza halafu ukagonga na Cobra utajua hujui.

Chesesi ya Seven ni bomba la mraba la milimita 25 kwa 25, unene 1.6, ya Cobra watu wengi wanatumia boksi la 100 kwa 50 unene milimita 3. Hapa kwetu adui ni chumvi. Upepo wa Shangani unakula chuma hata kikiwa kimelala ndani, kwa hiyo kila bomba lizibwe ncha, lisuguliwe mpaka ling'ae, lipigwe praima ya zinki siku ileile, usiseme kesho. Kuchomelea tafuta fundi mmoja mzuri umlipe vizuri, usimpe kila kijana wa gereji ajifunzie kwenye fremu yako, na kabla hujapaka kitu mwite fundi mwingine asiyemjua wa kwanza akague viungo.

Faiba sasa. Watu wanahangaika kuagiza fundi Dar wakati huku pwani kuna mafundi wa boti za faiba, hawa resini, ile gundi ya maji inayoganda na nyuzi za faiba, wanaijua kwa harufu. Ongea nao, Mikindani, feri, ulizia. Watakachokufundisha cha kwanza ni joto. Kwenye pakiti wanakuandikia hadina, dawa ya kugandisha resini, asilimia 1 mpaka 2, huku kwetu saa saba mchana wewe kaa kwenye 1, yaani kilo moja ya resini gramu 10 za hadina, na usikoroge kilo moja, koroga kidogokidogo kwenye vikopo. Ukizidisha utaona mwenyewe, kopo linaanza kupata moto mkononi, resini inakuwa kama uji uliolala, inavuta nyuzi kwenye brashi, baada ya hapo inatoa moshi na umeshapoteza resini, kopo na brashi. Fanya asubuhi mapema, mvua ikiwa inanyesha acha, unyevu unaharibu. Ndani ya moldi, yaani kalibu ya bodi, unaanza na jelikoti, lile tabaka la nje linaloonekana, halafu mati (mkeka wa nyuzi za faiba) ya gramu 450 tabaka mbili au tatu, rola itoe hewa yote. Miwani ni lazima, hadina ikikuingia jichoni inaweza kukupofua, na barakoa iwe ile yenye vichujio, sio kitambaa. Vumbi la kusugua faiba nalo linawasha mwili mzima, vaa mikono mirefu hata kama unapikika.

Kitu kimoja cha heshima: usichukue bodi aliyotengeneza mwenzako ukaitolea moldi kimyakimya. Kuiga umbo la mwaka 1962 ni jambo moja, kuiba moldi ya mtu aliyesugua msasa mwaka mzima ni jambo lingine, na kwenye hii fani hiyo ndiyo aibu ya kweli.

Breki fanya kabla ya rangi. Gari itakuwa nyepesi kuliko Altezza kwa mbali, kwa hiyo mgawanyo wa breki wa zamani haufai tena, na inatakiwa ukikanyaga kwa nguvu mbele ndio wafunge kwanza, nyuma ikifunga kwanza gari inageuka. Jaribu sehemu pana kwa ruhusa ya mwenyewe, viwanja vya maghala ya korosho kabla ya Oktoba vinakuwa vitupu, uanze na mwendo mdogo unapanda taratibu. Na usiishushe sana chini kwa ajili ya picha, matuta yetu mnayajua, acha hata sentimita 15 chini ya chesesi, chujio la oili lisiwe ndio kitu cha chini kabisa.

Sasa midomo. Gari ikishasimama, hata bila rangi, watakuja. Fundisha masikio kutofautisha. Nimeona kwenye gereji moja hapa mjini, kijana ameegesha Seven yake watu wamejaa, mmoja anapiga kelele "hiyo feki, hiyo feki", wengine wanasema mwamba umetisha, umewaziba midomo Wazungu. Kuna mzee alikuwa kimya muda wote, kachuchumaa kwenye tairi la mbele.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hili bomba la breki mbona linagusa ringi ukikata kona?"

Kijana akakata usukani mpaka mwisho, kweli, linagusa, na rangi ya bomba imeshaanza kukwaruzika. Huyo mzee ndiye wa kumletea kiti na soda. Yule wa feki hana alichokwambia usichokijua, mjibu "ndio kopi, injini ya Toyota" kabla hajamaliza sentensi, uone atakavyokosa la kuongeza. Wa "umetisha" nao uwaogope kidogo, hao ndio wanaokufanya utoe gari barabarani wiki mbili kabla haijawa tayari.

Kuna na wa "hiyo hela ungenunua shamba la korosho". Huyu usimdharau, mara nyingi ni mjomba au ni mama mkwe na ana hoja. Mimi naona mjibu kwa hesabu, kama ada zimelipwa na nyumbani pananyooka basi ni starehe yako kama mwingine na bia zake, kama hazijalipwa kaa chini umsikilize. 2022 Masoud Kipanya alipoonyesha gari yake ya umeme nchi nzima iliongea, wapo waliopongeza na wapo waliokejeli, na ile hata haikuwa kopi, kwa hiyo usidhani ukibuni yako kutoka mwanzo ndio utapona na maneno.

Kujivuna ruksa, ila jivunie ulichofanya. Sema "chesesi nimechomelea, faiba nimemwaga na fundi fulani", usiseme "nina Cobra" ukaacha watu wajaze wenyewe, maana siku wakijua watasahau hata ile kazi nzuri uliyofanya. Nembo ya Shelby usibandike, weka jina lako au usiweke kitu, mbele pakibaki patupu panapendeza tu.

Ukipata mteja wa harusi, na utapata, mwambie mapema ni kopi na haina paa, Desemba mpaka Aprili mvua zetu zinamjua bibi harusi kwa jina. Ukija kuuza, mkataba uandikwe "Cobra ya kopi, injini ya Toyota", na kadi isome hivyohivyo. Na zile picha za chesesi ikiwa uchi, za viungo kabla ya rangi na za moldi, zitunze kwenye memori kadi yake pembeni, mnunuzi anayejua gari atakuomba hizo kabla hajauliza bei.