SOMO: Viporo vya kazi vinavyokunyima usingizi, na namna ya kuviandika

Mafundi cherehani wenzangu wa hapa Kirumba, Mwanza, huniuliza nawezaje kubeba oda 40 za msimu wa harusi na bado nikalala. Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka. Naliandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Kwanza mjue kinachowasumbua. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, mzaliwa wa Lithuania aliyekuwa Berlin chini ya mwalimu wake Kurt Lewin, alichapisha majaribio yake. Watu walipewa kazi ndogondogo kama kutunga shanga na kufumbua mafumbo, na nusu ya kazi hizo wakakatizwa katikati. Walipoulizwa baadaye, zilizokatizwa walizikumbuka karibu mara mbili ya zilizoisha. Mwaka 1928 mwenzake Maria Ovsiankina akaonyesha jambo ambalo kwangu ni kubwa zaidi: mtu aliyekatizwa, akiachwa huru, huirudia ile kazi mwenyewe, hata asipoahidiwa chochote. Kiporo kinakuvuta shati.

1. Tafuta kaunta buku moja. Moja tu.

2. Andika kila ulichokianza na hakijaisha, hata deni la zipu na kikao cha shule ya mtoto.

3. Mbele ya kila kiporo andika kitendo kinachofuata, siku na mahali. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni taratibu. Niliandika "suti ya bwana harusi" na kuona nimeandika. Wiki mbili nilikuwa nikiufikia mstari ule, mkono unahamia kwenye gauni la mtu mwingine. Kumbe bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti, ilikuwa imeisha, na sikuwa nimeiandika popote. Alhamisi mteja akashuka kwenye feri kutoka Ukerewe, harusi Jumamosi. Koti lake lilikuwa limening'inia halina mikono, alama za chaki bado mbichi mabegani. Alilishika, akaliachia, hakusema neno. Nilimrudishia pesa yote, akaoa na suti ya kuazima. Mstari uliotakiwa ulikuwa huu: "Jumatatu saa 3 asubuhi, sokoni Makoroboi, nunua bitana nyeusi mita 2."

Onyo: "shughulikia" si kitendo. "Malizia" si kitendo. Vitendo viwili visikae mstari mmoja. Kama unamsubiri mtu, andika siku utakayompigia.

Na hili si la ushonaji tu. Mwaka 2011 wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walikuta kwamba watu wenye malengo yasiyokamilika hubughudhiwa na mawazo hayo wakisoma jambo jingine. Waliopewa nafasi ya kupanga watafanya nini na lini walitulia, ilhali kazi yenyewe hawajaigusa. Kichwa kinatulia kikijua mahali pa kuanzia, hata kabla kazi haijaisha.

4. Jioni kabla ya kufunga kibanda, pitia daftari.

5. Kilichoisha, kata mstari.

MASWALI

Kijana wa Igoma: Mkuu, programu gani ya simu ni nzuri kwa hii?

Mwandishi: Hatua ya 1. Soma.

Kijana wa Igoma: Nimesoma, ila nauliza ya simu.

Mwandishi: Simu yangu inaingia ujumbe wa wateja siku nzima, nikiishika kusoma orodha natoka na oda mpya. Kama yako haikufanyi hivyo, itumie. Hatua ya 3 haibadiliki.

Mwalimu Nyegezi: Nijuavyo, majaribio ya Zeigarnik yalirudiwa na wengine na hayakutoa jibu lilelile kila mara.

Mwandishi: Kweli kabisa mwalimu, na asante kwa kulileta. Kwenye kukumbuka, matokeo yamepishana sana. Ndiyo maana nimeegemea kwa Ovsiankina na ule utafiti wa 2011. Mimi sihitaji kukumbuka zaidi, nahitaji kuachiwa.

Nesi wa zamu: Shikamoo fundi. Nikiandika usiku si ndiyo nitaziwaza zaidi?

Mwandishi: Marahaba mwanangu. Nami niliogopa hivyo. Mwaka 2018 mtafiti Michael Scullin na wenzake, Marekani, waliwapa vijana 57 dakika 5 za kuandika kabla ya kulala. Kundi moja liliandika ya kufanya siku zijazo, jingine yaliyokwisha kufanyika. La kwanza lilipata usingizi mapema kwa kama dakika 9, na aliyeandika kwa undani zaidi alilala upesi zaidi. Kwa hiyo usiandike "kazini", andika kitu chenyewe. Na kwa oda, mimi hubana kipande cha kitambaa kwa pini kwenye mstari wake. Jicho linakitambua kabla ya jina.

Mama Dagaa: Sisi wa soko la dagaa la Mwaloni tuna shida nyingine. Giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, likiingia dagaa wanamwagika, hakuna siku ya kupanga. Nina kurasa mbili, ya giza na ya mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi ya taa hailali ziwani, ndipo nashona magunia, nadai madeni, natengeneza chanja za kuanikia.

Mwandishi: Dada, hili sikulijua. Kiporo cha giza kikibaki unakihamisha?

Mama Dagaa: Nakihamisha usiku wa kwanza ambao mume wangu analala nyumbani.

Mwandishi: Naliongeza kwenye somo, hatua ya 4.