Kutoka rejista ya wadi hadi jaridani: utafiti wa kwanza wa mwanafunzi wa udaktari

Wanafunzi wanaopitia wadi ya watoto hapa Kisumu huniambia, "Daktari, nataka kuandika kuhusu malaria." Hiyo ni mada, bado si swali.

Hatua ya 1: Lipunguze swali
Jaribu hivi, tukichukua ugonjwa mwingine kwa mfano: kati ya watoto wenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu) waliolazwa wadi hii mwaka jana, ni wangapi waliongezewa damu, na himoglobini yao (kipimo kinachoonyesha upungufu wa damu) ilikuwa ngapi walipofika? Swali la namna hiyo unalimaliza kabla ya kipindi chako cha mafunzo wadini kwisha. Kisha nenda kwa karani wa kumbukumbu, umsalimie vizuri, umuulize faili za mwaka huo ziko wapi na huwa zimejazwa nini. Muulize tu. Usifungue faili.

Hatua ya 2: Kibali kwanza
Hapa sina mzaha. Nikiwa mwaka wa nne nilinakili faili kwa miezi mitatu nikiamini kibali kitanifuata. Kamati ya maadili haiidhinishi kazi iliyokwisha kufanyika, na ilibidi niache kila nilichokusanya. Peleka pendekezo lako kwenye kamati ya maadili ya utafiti inayohusika. Chuo Kikuu cha Maseno kina yake, na Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ina yake. Ukipata kibali, omba leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, kisha ruhusa ya uongozi wa hospitali. Usinakili majina ya wagonjwa, tumia namba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti.

Hatua ya 3: Kubalianeni mapema majina ya waandishi
Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ina masharti 4 ya kuitwa mwandishi wa makala: umechangia kazi kwa uzito, umeandika au kuhakiki mswada, umeidhinisha toleo la mwisho, na uko tayari kuwajibika. Asiyetimiza yote 4 hutajwa kwenye shukrani, hata akiwa mkubwa wako.

Hatua ya 4: Andika kuanzia katikati
Majedwali kwanza, kisha mbinu, matokeo, mjadala. Utangulizi baadaye, ikisiri (muhtasari wa makala) mwisho kabisa. Kwa utafiti wa faili, pitia STROBE, orodha ya vipengele 22 ambavyo ripoti ya utafiti wa aina hii inapaswa kueleza, kabla hujamwonyesha msimamizi.

Hatua ya 5: Chagua jarida
Soma makala tatu za karibuni za East African Medical Journal au Pan African Medical Journal uone kama yako ingekaa humo. Barua pepe inayokuahidi kuchapishwa ndani ya wiki moja ukilipa, ifute. Tuma kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja.

Wahakiki wa jarida wakirudisha mswada na maswali ishirini, bado hujakataliwa. Jibu moja baada ya jingine kwa adabu, ukitaja ukurasa uliorekebisha. Usipokubaliana nao, toa sababu.

Makala ikitoka, wapelekee wauguzi na karani jedwali la kwanza. Safu ya himoglobini ambazo hazikuandikwa itawahusu kuliko mjadala wako wote.