Kuchagua vipuri vya ekzosi vya mashine ya petroli ya boti inayokaa baharini

Kwenye gari, ekzosi ina kazi ya kutoa moshi na kupunguza kelele, na ikitoboka dereva ataendelea na safari huku watu wakimgeukia barabarani. Kwenye boti yenye mashine ya ndani ya petroli, kazi ni nyingine kabisa. Mashine imefunikwa chini ya sakafu, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutulia ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, kwa hiyo bomba la moshi haliwezi kuachwa liwe jekundu kwa moto kama lilivyo kwenye lori. Ndiyo sababu maji ya bahari huzungushwa kuizunguka njia ya moshi. Ndani ya manifoldi, yaani kipande cha chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda, moshi na maji hupita sambamba vikitenganishwa na ukuta wa chuma, kisha kwenye elbo, kona ya chuma iliyofungwa juu yake, maji humwagwa ndani ya moshi, na vyote viwili hutoka pamoja kwa bomba la mpira hadi tezi, yaani nyuma ya chombo. Kila uamuzi wa kununua kipuri cha ekzosi unarudi kwenye ukuta huo mmoja.

Ukuta huo huliwa na chumvi kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa manifoldi za chuma cha kusubu zinazopitisha maji ya chumvi moja kwa moja, mafundi wengi huhesabu miaka 5 hadi 7, na mimi kwa maji yetu ya Tanga nashauri kuanza ukaguzi wa kila mwaka tangu mwaka wa 3. Boti inayokaa muda mrefu nangani bila kuwashwa haiponi kwa kupumzishwa, kwa sababu maji yakishuka kwenye njia zake, chuma chenye chumvi hubaki na hewa yenye unyevu, na hapo kutu hupata kila inachokihitaji. Ukuta ukitoboka, maji huteremka hadi kwenye silinda kupitia vali iliyoachwa wazi. Maji hayashindiliki kama hewa. Asubuhi ukizungusha stata, pistoni hugonga maji na konrodi, fimbo inayoishikilia pistoni, hupinda. Nimeona mashine nzima ya V8 (silinda nane katika safu mbili zenye umbo la V) ikitupwa kwa sababu ya tundu lisilozidi punje ya mchele.

Kabla ya kutoa fedha, fungua elbo uitazame. Dalili za nje zipo, kama vile michirizi ya kutu au unga mweupe wa chumvi kwenye kiungo, upande mmoja wa mashine kuwa wa moto kuliko mwingine, plagi yenye kutu, au oili iliyogeuka rangi ya maziwa, lakini zote hizo huja kwa kuchelewa. Elbo ikishafunguka, chukua tochi na bisibisi nyembamba. Uso wa kiungo unapaswa kuwa na ukingo safi kati ya tundu la moshi na matundu ya maji yaliyolizunguka. Ukikuta njia nyeusi au ya rangi ya kutu inayovuka kutoka tundu moja hadi jingine, hata kama ni nyembamba kama uzi, maji yameshaanza kuvuka. Kwaruza ndani ya matundu ya maji: yakitoka magamba ya kutu yanayopasuka kama ganda la mti mkavu, unene wa chuma umekwisha hata kama nje rangi bado inang'aa. Sishauri kusaga uso huo na kuufunga tena pale magamba yanapokuwa mazito. Na kwa mashine ya V, badilisha pande zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa zimekunywa maji yaleyale kwa muda uleule.

Hapa ndipo makosa mengi ya ununuzi hutokea: mtu huenda dukani, au hupiga simu kwa msambazaji wa Dar es Salaam, akisema anataka manifoldi ya V8 ya lita 5.7. Hilo halitoshi. Mashine nyingi za petroli za ndani tunazoziona pwani, za lita 4.3, 5.0 na 5.7, zimejengwa juu ya bloku za General Motors, lakini MerCruiser na Volvo Penta, watengenezaji wa mashine za boti, wamezivalisha ekzosi zilizo tofauti. Hata ndani ya jina moja zipo tofauti. MerCruiser walianza kutumia kiungo kikavu kwenye V6 na V8 zao mwaka 2002. Kwenye kiungo cha zamani, maji na moshi huvuka uso mmoja na kutenganishwa na gasketi, bamba jembamba la kuzibia kiungo, peke yake. Kwenye kiungo kikavu, njia ya maji imesogezwa mbali na ya moshi, hivyo gasketi ikivuja maji hutoka nje badala ya kuingia kwenye silinda. Elbo ya aina moja haikai juu ya manifoldi ya aina nyingine. Kwa hiyo anza na namba ya mashine iliyo kwenye kibati chake, kisha namba iliyosubiwa kwenye manifoldi yenyewe, ukiisugua kwa brashi ya waya na kuipiga picha mchana. Kama kibati kimeliwa, piga picha uso wa kiungo ukiwa umeweka rula pembeni, na umtumie muuzaji picha hiyo kabla hajafunga mzigo.

Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka mmoja niliagiza elbo mbili kwa maelezo ya mdomo, zikafika baada ya wiki kadhaa zikiwa za kiungo kikavu, na manifoldi zangu zilikuwa za aina ya zamani. Muuzaji alikataa kuzipokea tena. Kaskazi yote ilipita boti ikiwa juu ya magogo pale Sahare, huku bahari ikiwa shwari na wageni wakitafuta usafiri.

Jambo la pili la kujua ni namna mashine yako inavyopozwa, kwa sababu linaamua gasketi. Mashine nyingine hupozwa na maji ya bahari kila mahali. Hizo huwa na thamostati (vali inayodhibiti joto la maji ya kupozea) ya nyuzi 60 za Selsiasi hivi, kwani joto likizidi sana chumvi huganda ndani ya njia. Nyingine zina maji matamu yenye dawa ya kupozea yanayozunguka kwenye bloku, na pengine kwenye manifoldi pia, huku maji ya bahari yakiishia kwenye kipoozeo na kwenye elbo. Kwa mfumo huo wa pili, ikiwa manifoldi nayo ina maji matamu, kati yake na elbo huwekwa bamba la kuziba ili maji matamu yasichanganyike na ya bahari. Kwa mfumo wa kwanza matundu lazima yawe wazi, yote au baadhi, kulingana na mchoro wa mtengenezaji. Gasketi hizi hufanana kwa umbo la nje, na fundi mwenye haraka huchukua iliyo karibu. Ukiweka iliyozibwa mahali pa iliyo wazi, elbo inakosa maji na bomba la mpira linaungua. Linganisha gasketi mpya na ya zamani, tundu kwa tundu, kabla ya kuitupa ya zamani, na uthibitishe kwa mchoro, kwa sababu aliyetangulia naye huenda alikosea.

Kuna kipimo kingine ambacho wauzaji hawakiulizi, nacho ni kimo. Sehemu ya juu ya elbo inapaswa kuwa juu ya usawa wa maji ya nje kiasi cha kuzuia wimbi lisirudi ndani. MerCruiser hutaja sentimita 33 hivi kuwa kiwango cha chini. Pima boti ikiwa na mzigo wake wa kweli: tangi limejaa, abiria au magunia yamekaa mahali pake, hasa upande wa tezi. Boti nyingi za faiba zilizoletwa zikiwa zimetumika hubebeshwa huku kwetu zaidi ya zilivyokusudiwa, na kusi likikusukuma kwa nyuma ukiwa umepunguza mwendo kuingia mlango wa bandari, wimbi hupanda moja kwa moja kwenye bomba. Kama kimo hakitoshi, nunua vipande vya kuinulia vya inchi 3 au 6 vinavyokaa kati ya manifoldi na elbo, na uhakikishe kwamba kifuniko cha mashine bado kitafunga.

Kuhusu chuma chenyewe, sioni aibu kupendekeza chuma cha kusubu. Ni kizito na kina kutu, lakini kuzeeka kwake kunajulikana na kunakaguliwa. Stenlesi nzuri hudumu, ila bei yake ni kubwa na maungio yaliyochomelewa vibaya hupasuka. Vipuri vya watengenezaji wengine, kama Barr na Sierra, vinafaa mradi namba zake zinalingana na za mashine yako. Manifoldi iliyotumika siinunui kwa maji ya chumvi, kwa bei yoyote ile, kwa kuwa unalipia miaka usiyoijua. Na manifoldi ya gari iliyochomelewa koti la bati ili ipitishe maji ni hatari kwa maisha ya watu. Ikifika mezani pako, ikatae.

Hata kipuri kipya kikaguliwe. Mulika njia za maji utazame kama mchanga wa kusubia umebaki ndani. Weka rula ya chuma juu ya uso wa kiungo ikiwa imesimama kwa ukingo wake, na mwanga usipite chini yake. Kisha ziba matundu ya chini, jaza maji kwenye njia ya maji, uiache manifoldi usiku kucha. Asubuhi pitisha kitambaa kikavu kwenye njia ya moshi, na kitoke kikiwa kikavu.

Bomba la mpira linunuliwe lile la ekzosi ya boti, lililoandikwa SAE J2006, kiwango cha mabomba hayo, ubavuni. Bomba la maji la bustani au la rejeta hulegea kwa joto, na moshi wa petroli unaovujia chini ya sakafu una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo humlaza abiria asiamke. Kila ncha ya bomba ifungwe kwa klipu mbili. Nenda dukani na sumaku ndogo mfukoni: klipu nyingi zina mkanda wa stenlesi lakini skrubu yake ni ya chuma duni, na ikivutwa kwa nguvu na sumaku, irudishe kwenye kasha.

Wenye mashine za kupachika nje ya tezi, ambazo ndizo nyingi pwani ya Tanga kuanzia Moa hadi Kigombe, hawana manifoldi ya namna hii. Moshi hushuka kwenye mguu wa mashine na kutokea katikati ya propela. Kwao vipuri vya kuangalia ni mfuniko wa ekzosi ubavuni mwa bloku, bamba lake la ndani na gasketi zake, vyote viagizwe kwa namba ya modeli pamoja na anodi za zinki au alumini, vipande vinavyowekwa ili viliwe na maji ya chumvi badala ya mashine, kwani anodi ikiisha ni alumini ya mfuniko ndiyo inayofuata kuliwa.

Siku ya kufunga, safisha nyuso zote, weka gasketi bila gundi isipokuwa kitabu cha mashine kimeagiza, na ukaze bolti kuanzia katikati kwenda pembeni kwa spana ya kipimo. Badilisha na impela ya pampu ya maji papo hapo. Washa boti ikiwa majini, iache polepole kwa dakika 15 huku ukigusa elbo zote mbili kwa kiganja: ziwe vuguvugu kwa usawa. Mashine ikipoa, rudia kukaza bolti, kisha andika mwezi na mwaka kwa rangi nyeupe juu ya manifoldi, mahali ambapo fundi ajaye ataona akifungua kifuniko.