Matundu ya Hewa Yasiyofaa Kuzibwa: Mwongozo kwa Wapangaji Walio Ughaibuni

Majira yangu ya kwanza ya baridi ughaibuni niliyatumia kuziba nyumba. Juu ya dirisha la chumba cha kulala palikuwa na mwanya mwembamba wenye kifuniko cha plastiki, na kwa kuwa ulipitisha ubaridi usiku kucha, niliubandika utepe wa gundi, kisha nikalaza taulo chini ya mlango. Mwezi wa pili, nilipolisogeza kabati, niliukuta ukuta wa nyuma umetapakaa madoa meusi ya kuvu kutoka sakafuni hadi kimo cha goti, na koti lililougusa likinuka uvundo. Mwenye nyumba alisema kosa ni langu. Nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Nusu ya pili niliweza kuijibu baada tu ya kuzisoma kanuni za upitishaji hewa.

Nyumba za nchi za baridi hujengwa zisipoteze joto, na nyumba isiyopoteza joto haivujishi hewa pia, kwa hiyo hewa hupangiwa njia maalumu: huingia kupitia sebule na vyumba vya kulala, hupita chini ya milango, na hutoka kupitia jikoni, bafuni na chooni. Mwanya niliouziba ndio uliokuwa lango la kuingilia. Taulo nalo lilikata njia katikati, kwani mwongozo rasmi wa ujenzi wa Uingereza, Approved Document F, hutaka mlango wa ndani uachiwe nafasi ya milimita 10 juu ya sakafu kwa ajili hiyo hasa.

Mwongozo huohuo, katika toleo la 2021, unataka nyumba mpya ipate angalau lita 0.3 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mita ya mraba ya sakafu, na isipungue lita 19 kwa sekunde ikiwa ina chumba kimoja cha kulala, au 25 ikiwa ina viwili. Feni ya bafuni inayowashwa kwa vipindi inapaswa kutoa lita 15 kwa sekunde. Ya jikoni ni lita 30 iwapo iko kwenye kofia ya kuvuta mvuke juu ya jiko, na 60 iwapo iko kwingineko. Uswidi hutumia lita 0.35 kwa kila mita ya mraba, na Japani tangu 2003 hudai nyumba mpya ziwe na mitambo inayobadilisha nusu ya hewa yote kila saa. Nyumba kuukuu huenda haibanwi na viwango hivi, lakini vinakupa kipimo cha kulinganishia.

Kiwango cha Marekani, ASHRAE 62.2, kinastahili kuangaliwa kwa makini na yeyote anayeishi na ndugu wengi. Hicho huhesabu lita 0.15 kwa kila mita ya mraba, na kuongeza lita 3.5 kwa kila mtu, huku idadi ya watu ikikadiriwa kuwa vyumba vya kulala na mmoja zaidi. Nyumba ya mita 60 za mraba yenye vyumba viwili hukadiriwa watu watatu, yaani lita 19.5 kwa sekunde. Mkiishi watano, mnahitaji 26.5. Feni iliyotosha familia iliyohama inaweza isiwatoshe ninyi, hata kama haina hitilafu yoyote.

Wengi hawaamini kwamba hewa ya nje hukausha nyumba hata siku ya mvua. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 20 hubeba takriban gramu 17 za mvuke, ilhali ya nyuzi sifuri hubeba takriban 5 tu; hewa hiyo baridi ikishapashwa moto ndani, huwa kavu na hunyonya unyevu. Kinyume chake, hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 hudondosha maji inapogusa ukuta ulio chini ya nyuzi 12, na ukuta wa namna hiyo ndio uliokuwa nyuma ya kabati langu. Nunua kipimaunyevu, ulenge asilimia 40 hadi 60, na uache nafasi kati ya kabati na ukuta wa nje. Fungua madirisha yanayoelekeana kwa dakika tano hadi kumi mara kadhaa kwa siku, kama wafanyavyo Wajerumani, badala ya kuacha dirisha moja wazi kidogo mchana kutwa, jambo linalopoza ukuta bila kubadilisha hewa ya kutosha.

Kamwe usiwashe jiko la mkaa ndani, hata dirisha likiwa wazi, wala usizibe tundu la hewa lililowekwa kwa ajili ya kifaa cha gesi: moto usiopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, nayo huua.

Ili kuipima feni, iwashe na ushikilie kipande kimoja cha karatasi ya chooni kwenye wavu wake. Kikidondoka, feni haivuti. Kikinata, inavuta, ingawa hujathibitisha lita 15. Mwandikie mwenye nyumba, ukiambatisha picha zenye tarehe na vipimo vya unyevu vya siku kadhaa. Uingereza, kwa sheria iitwayo Awaab's Law, tangu tarehe 27 Oktoba 2025 wamiliki wa nyumba za jamii (zinazopangishwa kwa kodi nafuu na halmashauri au mashirika ya makazi) wanapaswa kuchunguza unyevu na kuvu vyenye hatari kubwa ndani ya siku 10 za kazi, na kushughulikia hatari za dharura ndani ya saa 24. Aliyepanga kwa mtu binafsi aende kwenye halmashauri ya eneo lake.

Katika bafu langu karatasi ilidondoka mara tatu. Niliandika barua, feni ikabadilishwa, nami nikaubandua utepe dirishani.