Kabla hujalinganisha nguvu kazi ya Kongo na ya nchi nyingine

Wanafunzi wa uchumi hapa Bukavu, mkichukua takwimu za nguvu kazi (walio kazini pamoja na wanaotafuta kazi) kwa Benki ya Dunia, anzeni na maelezo yaliyo chini ya jedwali. Kuna safu za makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, kuanzia 1990, na kuna takwimu za nchi zenyewe. Msizichanganye kwenye grafu moja. Na kwetu sensa ya mwisho ni ya 1984, kwa hiyo mstari ule ulionyooka vizuri ni hesabu ya mezani.

Penye mtego zaidi ni 2013. Mwaka huo wanatakwimu wa kazi walibadili kipimo: anayelima hasa kwa chakula cha nyumbani hahesabiwi tena kuwa ameajiriwa. Mama anayeuza sambaza (samaki wadogo) Kadutu, hata kwa saa moja tu ndani ya wiki, yumo katika nguvu kazi. Dada yake wa Walungu anayeshinda na jembe, muhogo wote ukiishia kwenye sufuria yake, huenda hayumo, ila kama anatafuta kazi ya malipo. (Mimi naona ni ajabu, lakini ndiyo kanuni.) Nchi iliyohamia kipimo kipya itaonekana imepoteza wafanyakazi usiku mmoja.

Halafu idadi tupu haitoshi. Wekeni pembeni asilimia ya wenye miaka 15 na zaidi walio katika nguvu kazi. Japani watu wanapungua, ila wanawake na wazee wengi wameingia kazini, na idadi tupu haikuonyeshi hilo.