Kutotoa mayai ya bata kwa mashine hapa Lamu, hatua kwa hatua

Wengi wanaoniuliza habari za bata wamekwisha kutotoa vifaranga vya kuku, na shida huanzia hapo. Wanahesabu siku 21, hawaoni kitu, wanavunja yai. Ndani mna kifaranga mzima aliyebakiza wiki moja tu. Bata wa kawaida hutaka siku 28. Wale wenye nyama nyekundu usoni, kama ninaofuga mimi, hutaka siku 35. Ujue kwanza yai ni la bata gani, kabla hata hujawasha mashine. Na siku ya kwanza huhesabiwa baada ya saa 24 kupita, si pale unapoyaweka.

1. Mayai

Yaokote asubuhi mapema, maana bata hutaga alfajiri na mayai yakilala kwenye tope yanaingiwa na uchafu. Usiyaoshe. Yenye uchafu mwingi yaache yaliwe. Yaweke mahali pa baridi kiasi, ncha iliyochongoka ikitazama chini, na yasizidi siku saba. Jike watano kwa dume mmoja ni hesabu nzuri. Dume akizidiwa na kazi, mayai mengi hayatakuwa na mbegu.

Ukiyanunua bara, kumbuka yametikiswa na gari mpaka Mokowe, gati ya upande wa bara, kisha yametikiswa tena na boti. Yapumzishe siku nzima, ncha chini, ndipo uyaingize mashineni. Mara ya kwanza nilikuwa na pupa, nikayaingiza jioni ile ile niliyoshuka gatini. Kati ya mayai 20 nikapata vifaranga wanne.

2. Joto

Mashine yenye feni iweke nyuzi 37.5. Isiyo na feni ipimwe usawa wa mgongo wa mayai, na hapo iwe 38.3 hivi, kwa sababu joto hupanda juu na chini kunabaki baridi. Nyumba zetu za mawe zinasaidia sana: chumba cha ndani, mbali na dirisha na jua, hakibadilikibadiliki joto. Iwashe siku nzima bila mayai uhakikishe imetulia. Nunua kipimajoto cha pili. Kile kinachokuja na mashine nimekwisha kukikuta kimepotoka kwa nyuzi nzima.

3. Maji

Hapa ndipo watu wanapowazamisha vifaranga wao wenyewe. Wamesikia bata ni ndege wa maji, basi wanajaza kila bakuli lililomo mashineni. Yai linatakiwa lipoteze maji polepole ili chumba cha hewa, kwenye upande wake butu, kikue. Kisipokua, kifaranga hukosa pa kuvutia pumzi ya kwanza na hufa siku ya mwisho akiwa amekamilika, maji yamejaa ndani.

Unyevu wa siku za kuatamia uwe kama asilimia 55. Hewa ya Lamu ni nzito, lakini ikipashwa moto mashineni hukauka: bila tone la maji, mashine yangu husoma kati ya 45 na 50. Kwa hiyo bakuli moja dogo linatosha, wala si yote mawili. Tumia maji ya mvua ukiwa na birika la kuyahifadhi. Ya kisima yenye chumvi huacha ukoko kwenye bakuli.

Zaidi ya kipimo cha unyevu, naamini mizani ya jikoni. Natia alama mayai matano na kuyapima kila wiki. Yai la gramu 80 liwe kama gramu 75 nusu ya safari, na kama gramu 70 linapokaribia kuanguliwa. Likibaki zito, punguza maji. Likipungua haraka, ongeza.

4. Kugeuza

Andika O upande mmoja na X upande wa pili kwa penseli. Mimi nageuza baada ya kila swala, mara tano kwa siku, na sisahau kwa sababu adhana inanikumbusha. Tano ni witiri, kwa hiyo upande uliolala chini usiku wa leo, kesho usiku utakuwa juu. Usizungushe kuelekea upande mmoja tu. Nenda na urudi.

Kuanzia siku ya 10, mara moja kwa siku nafunua mashine dakika kumi, nayanyunyizia mayai maji ya vuguvugu, nafunika. Bata mwenyewe huinuka, akala, akarudi na manyoya yamelowa. Bibi yangu alikuwa akifanya hivyo kwa mayai ya bata aliyomwatamisha kuku, akichovya vidole kwenye kata.

5. Tochi

Siku ya 7, gizani, weka tochi upande butu. Mishipa iliyotanda kama buibui ni uhai. Yai jeupe tupu halina mbegu. Duara la damu ni aliyekufa. Rudia siku ya 14. Lenye harufu litoe upesi, maana yai viza likipasuka humo linachafua yote.

6. Stima ikikatika

Usifungue. Funika mashine kwa leso mbili, yaani kanga, ila usizibe matundu ya hewa. Saa moja au mbili hazidhuru, hasa baada ya wiki mbili, mayai yanapokuwa na joto lake. Joto kupita kiasi ndilo linaloua haraka kuliko baridi.

7. Siku za mwisho

Siku ya 25, au ya 31 kwa wale wa siku 35, acha kugeuza, tandika kitambaa kisichoteleza, jaza maji mpaka unyevu ufike 70 au zaidi. Kisha usifungue tena.

Kuanzia ufa wa kwanza hadi kifaranga kutoka ni saa 24 mpaka 48. Anasinzia, anafyonza kiini kilichobaki, mishipa inakauka. Mimi niliwahi kumwonea huruma mmoja, nikabandua ganda. Damu ikatoka, akafa kiganjani. Sasa wakianza kulia natoka, nakaa barazani.

Wakikauka manyoya wahamishie kwenye boksi lenye taa, nyuzi 32 hivi, na maji kwenye kisahani chenye vijiwe wasije wakalowa mwili mzima. Mayai yaliyobaki nayapa siku mbili zaidi, ndipo nazima mashine.