Fomula ya kipeo cha pili: chunga ile hasi

Jirani yangu alitaka banda la kuku la mita 40 za mraba, urefu uzidi upana kwa mita 3. Nikamwambia mwanangu wa kidato cha pili atafute upana. Upana ni x, urefu ni x + 3, kwa hiyo x(x + 3) = 40.

Kwanza hamishia kila kitu upande mmoja, ule mwingine ubaki sifuri: x² + 3x − 40 = 0. Sasa ulinganishe na umbo ax² + bx + c = 0: a = 1, b = 3, c = −40. Hiyo hasi iandike, usiiache njiani.

Fomula yenyewe:

x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a

Kwenye b² − 4ac, chini ya alama ya kipeuo, ndipo mwanangu alipoteleza, na hata mimi enzi zangu nilipoteza maksi papo hapo. Aliandika 9 − 160, akapata −151, akasema, "Baba, hii haina kipeuo." Nikamwambia weka mabano: 9 − 4(1)(−40). Hasi mara hasi ni chanya, basi 9 + 160 = 169, na kipeuo chake ni 13.

Mstari wa kugawanya uvute mpaka chini ya −b. Wengi hugawanya kipeuo peke yake.

(−3 + 13) / 2 = 5
(−3 − 13) / 2 = −8

Yote mawili ni majibu ya mlinganyo, ila banda lenye upana wa mita −8 fundi gani atalijenga? Tukachukua 5, urefu ukawa 8. Hakiki: 5 × 8 = 40. Jirani akaenda kununua wavu.